Mluzi wa Kompresa

Siku ya posho (Jumamosi), magaribi

Itangazwe kwa heshima zote: gari yangu ya mbio, muzee aliyechoshwa na kilometa kama mimi mwenyewe, leo imefungiwa kompresa ya kusukuma hewa ndani ya motere. Fundi alisema, "Papa, sasa itaruka!"

Nina hasira. Na fundi, na hii vita inayotuzunguka, na kichwa changu kigumu.

Ukweli ni huu. Nilipokanyaga mafuta mbele ya nyumba, kompresa ilipiga mluzi mrefu, na majirani wote wakalala chini. Nikadhani wananisifu, nusura niwapungie mkono. Ndipo mama mukwe, aliyekimbia vita kutoka Kalengera akaja kwetu, akapiga kelele akiwa kifudifudi juu ya mawe ya volkano: "Bombe! Mulale!"

Kompresa nimeifungua na kuitoa mwenyewe. Mama mukwe amefunga tena mzigo wake, ananiuliza:

"Mukwe wangu, sasa tukimbilie wapi?"

Gari ya mbio ninayo. Pa kukimbilia hakuna.