Mama, Mkwe Wake na Paa la Uwanja wa Ndege

Jumanne, Aprili 1997. Nje ya kioo kuna manyunyu na baridi, na mimi najisikia kama mtu aliyeshinda kesi.

Tuko Ulaya, kwenye uwanja wa ndege wa mji ambao mama anasema kutamka jina lake ni kama kupiga chafya. Tumeshuka asubuhi kutoka Nairobi. Ndege ya kutupeleka Kanada, kwenye harusi ya kaka yangu, ni ya jioni. Tuko watatu: mimi, mume wangu Baba Achieng', na mama yangu mzazi, mchuuzi wa omena, dagaa wa ziwani, wa Muhuru Bay, ambaye kabla ya juzi hakuwa amewahi kuvuka Kisii.

Siku hii nilikuwa nimeipanga vizuri. Tungetembea madukani tukishika vitu tusivyoweza kununua, tungepiga picha kwenye ngazi zinazojiendesha, tungekunywa chai ya bei ya mbuzi. Kumbe nilisahau jambo moja. Kwetu Wajaluo, mama mkwe na mume wa bintiye hawalali chini ya paa moja, wala hawali wakionana. Ukivunja mwiko huo unajiletea chira, na laana hiyo haiulizi pasipoti.

Na ndege ina paa.

Tulimtafutia Baba Achieng' kiti cha nyuma kabisa, lakini mama hakudanganyika. Safari nzima alikaa wima kama askari wa zamu, macho makavu, sahani ya chakula ameisukuma kando. Dawa zake za presha humezwa baada ya kula. Kwa hiyo tulishuka hapa akiwa hajala, hajalala, hajameza dawa, na miguu imemvimba hadi viatu nikavibeba mimi.

Niliogopa, sitaficha. Bado tulikuwa na safari nyingine ndefu mbele yetu, na niliona wazi kwamba huenda nikamfikisha mama harusini akiwa juu ya machela.

Nikamsihi. Nikamwambia jengo hili ni kubwa kuliko soko lote la Rodi Kopany, hakuna mzee atakayelihesabu kuwa nyumba. Mama akatazama juu, akatazama kuta, kisha akaniuliza kama mvua ikinyesha Baba Achieng' atalowa. Nikasema hapana.

"Basi ni nyumba," akasema.

Niseme pia kwamba mama hakuwahi kumkubali mume wangu kwa moyo wote. Baba Achieng' ni fundi wa redio, amezaliwa na kukulia mjini Homa Bay, na mama humwita mtoto wa lami. Husema watoto wa mjini wana adabu ya mdomoni tu. Mahari aliipokea, lakini maneno hayo hakuyaacha.

Baba Achieng' alikuwa amesimama mbali, nyuma ya nguzo, kama alivyokuwa akisimama tangu asubuhi. Akaniita kwa kidole.

"Mama amekula?"

"Hajakula."

"Ni juu yangu?"

Nikatazama viatu vya mama mikononi mwangu.

"Basi wacha mimi nitoke nje."

Nje gani, na viza hatuna? Nilimwambia hivyo, lakini alikwisha kwenda kuuliza. Aliporudi alikuwa anatabasamu. Ghorofa ya juu kuna roshani ya wavuta sigara, iko wazi kabisa, juu ni mawingu tu. Mume wangu hajawahi kuvuta sigara maishani mwake. Alifunga vifungo vya koti lake la harusi, jepesi, lililoshonwa kwa joto la ziwani, akaenda kusimama kwenye manyunyu.

Mama hakuniamini, akataka kuona mwenyewe. Alijitwika mkoba kichwani, mikono mitupu, akapanda ngazi zile zinazojiendesha peku bila kushika popote. Wazungu wakampisha. Mmoja akatoa kamera. Nilijiandaa kuona haya, lakini haya haikuja. Huyo ni mama yangu, nikajiambia, mtazameni vizuri.

Kupitia mlango wa kioo tulimwona Baba Achieng' katikati ya moshi wa wenyewe, kola ameinua, maji yanamtiririka usoni. Mama alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akachagua viti vya mbali, akamgeuzia mgongo, akafungua chapati na samaki wa kukaanga. Akala akashiba. Akameza dawa. Akajinyoosha akakoroma, na watu wakasogea kidogo.

Nimekuwa nikimpelekea mume wangu chai. Mara moja nilikuta mlinzi anamhoji kwa nini anasimama pale bila sigara. Alimjibu kwa Kiingereza chake cha fundi kwamba mama mkwe wake amelala. Mlinzi alicheka, akaenda akamletea mwavuli. Niliuliza kama mwavuli si paa.

"Hii ni paa yangu peke yangu," akasema, meno yakigongana.

Mama ameamka sasa hivi, uso umenyooka, uvimbe umepungua. Akauliza kama bado yuko nje. Kabla sijajibu alikuwa amefika mlangoni. Sasa, miaka yote hii mama huongea naye Kiswahili, kama anavyoongea na wanunuzi wageni ufuoni, ingawa wote wawili ni Wajaluo. Leo alifungua mlango kidogo, akatazama pembeni kwa heshima, akasema:

"Wuoda, donji."

Mwanangu, ingia. Baba Achieng' aliinamisha kichwa, akahangaika na mwavuli ambao ghafla ulikataa kufungika. Mimi nililia palepale kwa furaha, sijali nani aliniona.

Tunasubiri kuitwa. Nimemkumbusha mama kwamba ndege ya jioni nayo ina paa. Amesema analijua hilo.

"Mwambie yeye alale. Leo nitakaa macho kwa ajili yake."

Nyumba ya kaka yangu huko Kanada ina paa moja tu. Hilo tutaliangalia kesho.