Sentensi Aliyonakili Mama

Temeke, 12 Machi 1973

Hasira haijanitoka. Mama amerudi na daftari lake kutoka darasa la watu wazima. Mwalimu kawaandikisha sentensi moja mara kumi: "Utumwa ulienea kwa sababu babu zetu walikuwa wajinga."

Wajinga! Mashamba ya karafuu Unguja yalitaka mikono, na ya miwa kwenye visiwa vya wazungu yalitaka mingi zaidi. Kila shamba lilipopanuliwa, watu wakazidi kuwindwa. Mama yake mama aliuzwa akachume karafuu. Ndiyo maana nyumba hii hatutii karafuu kwenye pilau mpaka leo.

"Mama, umekubali kuandika haya?"

"Mwalimu kasema, mwanangu. Hebu tazama, mwandiko umenyooka?"

Umenyooka. Na mie ndiye niliyembembeleza akajiandikishe.