Wingu Lililotudanganya Chiwanda

Dada Kordula, shikamoo! Watoto hawajambo?

Huku Chiwanda, ziwani, mimi na wifi Getruda hatukai, tangu asubuhi tunafuata mawingu ufukweni. Mara tukaona jeusi limesimama juu ya maji. Wifi akapiga kelele, "Mvua! Anua!" Si unatujua watu wa kahawa, tukiona wingu tunakimbilia kuanua? Tukazoa usipa wote, vile visamaki vidogo mwenyeji wetu alivyoanika mchangani, bado mbichi, tukaurundika chini ya turubai. Mama wa watu akaja mbio na kapu: "Mvua gani? Wale ni wadudu wa ziwani, tunawanasa tunawala, mboga hiyo! Mtanivundishia samaki!" Tukaanza kutandaza upya, mwenyeji mbavu hana kwa kucheka. Samaki wamepona.

Saa hizi radi ya kweli inalia upande wa Msumbiji, wifi ananivuta tukaione. Mwenyeji kasema twende, ila usipa tusiuguse.

Mungu akutunze, dada yangu.

Mdogo wako, Skola