Samli Uliyomtumia Saidi

Gongoni, Tabora

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na unalala vizuri. Mimi na watoto hatujambo. Asiye mzima humu ndani ni mkweo Saidi, na sababu ni samli yako. Ndiyo maana naandika upesi.

Kama ulivyosikia, Saidi alipasuliwa hospitalini akatolewa mfuko wa nyongo, ulikuwa umejaa vijiwe. Kidonda kimefunga. Daktari alitueleza kwamba sasa nyongo inachuruzika tu tumboni, haina pa kukaa kungojea chakula cha mafuta. Kwa hiyo ale kidogo kidogo, mara nyingi: uji, wali laini, kuku asiye na ngozi. Mafuta yarudi polepole, baadaye.

Ndipo bati lako la samli lilipofika, na mama mkwe naye akafika kutoka Ipole. Kwake yeye, aliyekatwa tumbo ni sawa na mzazi aliyejifungua juzi. Asubuhi na jioni anampa supu ya mifupa inayoelea samli. Saidi anakimbilia chooni kabla hajanawa mikono. Amekonda hata suruali anaifunga kwa kamba.

Jana nililificha bati. Mama mkwe alilitoa uvunguni, akaliweka mbele yangu.

“Mkamwana, unamnyima mumeo alichotumiwa na mama yako?”

“Daktari amekataza, mama.”

“Daktari kamkata, hakumzaa. Zawadi ya mkwe hairudishwi wala haigawiwi. Huliwa na aliyetumiwa, mpaka iishe.”

Saidi akasema kutoka kitandani, “Basi imwageni chooni moja kwa moja, mnipunguzie safari.”

Mama yake hakucheka. Amesema lori la wanunuzi wa nta likija mwisho wa mwezi, atampeleka Ipole, yeye na bati lake. Huko hakuna daktari, nami sitakuwapo.

Neno langu kwa mama mkwe ni jepesi, lako ni zito. Habari za nyongo usimweleze, hataki kuzisikia. Mwandikie tu kwamba samli ile ulimkusudia yeye, si Saidi, mimi ndiye niliyekosea jina nilipoipokea. Lawama nitaibeba. Hajui kusoma, Saidi ndiye atakayemsomea. Barua ije kwa treni ya kwanza.

Nisalimie kaka na mkewe, na shangazi unayekaa naye. Saidi anakuamkia. Aliniomba nisikwambie habari za suruali.

Ni mimi mwanao,
Mwanaidi

Nimelichungulia bati kabla ya kufunga bahasha. Bado nusu.