Mahindi ya Bi Wahiba Yaliyokufa Kwenye Kompyuta

Anastasia, mie leo nimeumbuka Kimbiji! Mbele ya wakulima ishirini!

Ile programu yangu ya kukadiria maji na naitrojeni kwenye udongo, si nimewaonyesha? Nikamwambia Bi Wahiba, mwenye shamba, kwa kujiamini kabisa: "Mama, naitrojeni yote imesombwa na maji. Kupokezanisha kunde na mahindi hakujasaidia. Mahindi yamekufa."

Akanitazama. "Yamekufa?"

"Yamekufa, mama."

Shoga, akaingia ndani, akatoka na hindi la kuchoma kutoka shamba lile lile. "Haya, kula marehemu."

KULA MAREHEMU! Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Nikakagua data huku natafuna. Kumbe kila mvua ya milimita kumi nimeiingiza kama sentimita kumi! Msimu mzima nimefurikisha shamba la watu!

Nikarekebisha, nikaiendesha programu upya. Mahindi yakastawi, na naitrojeni iliyoachwa na kunde ikaonekana waziwazi kwenye grafu. Nilitaka kumwachisha kupanda kunde, Ana!

Nikamwomba radhi. Akavaa miwani, akaitazama grafu weee, akanipigapiga bega.

"Usijali, mwanangu. Sasa kompyuta yako imefika Kimbiji."