Mama Yangu Hatajificha Jikoni Siku ya Harusi Yangu

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, lakini nitangulize kusema kwamba siombi kufundishwa utii, maana utii nimekwisha kufundishwa na mabingwa wake. Mimi ni binti wa miaka ishirini na minne, mwanafunzi wa shahada ya pili ya sheria mjini Pune, mzaliwa wa kijiji kimoja nje kidogo ya Kolhapur. Ninaolewa baada ya siku kumi na tisa, na mwanamume niliyemchagua mwenyewe, Ninad, ambaye familia zote mbili zimemridhia, kwa hiyo usidhani haya ni malalamiko ya mapenzi. Ninachotaka kujua ni kitu kimoja: mama yangu atakaa wapi siku ile?

Baba alifariki kwa maradhi ya figo nilipokuwa na miaka kumi, na nilikuwa nimesimama mlangoni nikawaona kwa macho yangu wanawake wa ukoo, walewale waliokuwa wakila chapati tamu za mama kila sikukuu, wakimvunjia bangili zake za kioo za kijani, wakimkata mkufu wa shanga nyeusi wa ndoa, wakimfuta ile alama nyekundu ya mke mwenye mume kwenye paji la uso kama watu wanaofuta doa ukutani. Tangu siku hiyo haitwi kumpaka bibi harusi manjano, haruhusiwi kumwekea mjamzito nazi na mchele wa baraka mapajani, na akikutana njiani na mtu anayeanza safari yeye ndiye anayerudi nyuma, eti asimtie nuksi. Na ni mwanamke huyuhuyu mwenye nuksi aliyekamua nyati wawili kila alfajiri kwa miaka kumi na minne, akasukuma baiskeli yenye madumu ya maziwa hadi kituo cha ushirika, mvua inyeshe au isinyeshe, mpaka mimi nikafika shahada ya pili!

Sasa desturi yataka bibi harusi atolewe kama sadaka, mkono wake uwekwe katika mkono wa bwana harusi na kumiminiwa maji, na mjane hana ruhusa ya kutoa. Atakayenitoa, kwa hiyo, ni baba mkubwa Yashwant pamoja na mkewe, naye mama atakuwa jikoni akikagua wali. Nilimuuliza baba mkubwa mbele ya watu: mtu hutoa alichokilea, au alichokuwa akikitazama kikikua kwa jirani?

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alikuna kidevu akasema, "Ketaki, mwanangu, mimi Mungu kanipa madume matatu. Sina binti wa kumtoa. Thawabu hii ni moja tu maishani, niachie."

"Na mama je? Thawabu yake iko wapi?"

Mama mkubwa, mkewe, akadakia kutoka kwenye ungo wa mchele, "Hebu tuambie, msomi wetu, umekuja kuolewa au kugombea ubunge?" Wanawake wote wakaangua kicheko, na mama yangu, Mshauri, mama yangu mwenyewe akacheka pamoja nao, kwa adabu, akiwa ameinamisha kichwa.

Nikasema: hapa maneno yamekwisha, sasa ni vitendo. Siku ya uchumba, ukumbi umejaa, wakwe zangu wamekaa safu ya mbele, nilichovya kidole katika kisahani cha unga mwekundu wa sherehe, nikaenda moja kwa moja hadi mlango wa jikoni, nikamshika mama mkono na kumpaka alama ile kwenye paji la uso mbele ya ukoo mzima, nikatangaza kwa sauti iliyozoea mikutano ya wanafunzi: "Huyu ndiye atakayenitoa, na asiyeweza kulitazama jambo hili, milango iko wazi!"

Nilitazamia kwamba angelia kwa furaha. Badala yake alishika ncha ya sari yake akajifuta, akasugua mpaka ngozi ikawa nyekundu kuliko ule unga, akaninong'oneza, "Umenifanya nini, mwanangu? Mbele ya wakwe zako?" Kisha akaingia ndani akafunga komeo. Leo ni siku ya sita hajanisemesha zaidi ya "chakula tayari". Kwa shangazi amesema kivuli chake kisiniguse siku ya harusi, kwa kuwa mume alimfia mikononi na hataki wangu pia anifie. Mama mtu mzima, Mshauri, anajiogopa mwenyewe!

Ninad naye ananiambia, "Mimi niko upande wako, Ketaki, ila tu usimuudhi mama yangu."

Sitarudi nyuma. Kizazi chetu kimeirithi nchi iliyorusha vyombo hadi mwezini ilhali mama zetu bado wanarudishwa nyuma vichochoroni ili wasitie nuksi safari za watu wa kwenda sokoni, na kama mimi niliyesoma nitanyamaza, nani atasema? Je, nifute sherehe nzima, tukafunge ndoa kwa msajili, na ukoo ubaki na manjano yake? Au nimlazimishe mama asimame jukwaani, nikiamini kwamba siku moja atanishukuru?

Ni mimi,
Ketaki, Kolhapur


MSHAURI ANAJIBU

Ketaki binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikipiga makofi, mara ya pili nikishika kichwa.

Tuanze na msajili, kwa kuwa hilo ni jepesi. Unasoma sheria na hujui kwamba ndoa ya namna hiyo inataka notisi ya siku thelathini? Umebakiwa na kumi na tisa. Kabla ya kumtishia mtu, hesabu siku.

Sasa lililo zito. Kuhusu desturi hii huna kosa hata chembe. Mwanamke hageuki mkosi kwa kufiwa, na wanaosema hivyo wangekwisha kufa wote kwa maziwa ya nyati wake. Hapo nipo nawe, na sitakuambia upunguze sauti. Lakini miaka kumi na minne iliyopita wanawake walimshika mama yako wakamfuta paji la uso bila kumuuliza. Wiki iliyopita wewe ulimshika ukampaka bila kumuuliza. Mara zote mbili watu walikuwa wamejaa, na mara zote mbili mtu pekee ambaye hakuulizwa lolote ni mwenye paji la uso. Unashangaa amefunga komeo? Ningekuwa yeye ningeongeza na kufuli.

Wewe ulikuwa unapigana na ukoo, binti, na mama yako ukamfanya bendera. Bendera haiulizwi inataka kupeperushwa upande gani.

Kwa hiyo kesho asubuhi amka naye, uende zizini. Usiende na hotuba. Shika ndoo, na kama kukamua umekusahau huko Pune, shika kamba. Mwombe radhi kwa siku ile, kwa maneno machache, bila "lakini". Kisha muulize: "Mama, mwenyewe unataka nini?" Halafu nyamaza. Najua kwako hilo ni gumu kuliko mtihani wa katiba, lakini nyamaza. Huenda miaka yote hii hakuna aliyemuuliza, na jibu la swali la namna hiyo haliji kwa dakika moja. Akikwambia anaogopa Ninad atakufa, usimcheke wala usimpe mhadhara. Ni hofu aliyovishwa siku ile alipovuliwa bangili, naye ameivaa kuliko sari yoyote aliyo nayo.

Ninad huyo mlete hapo mbele nimwone. Kijana, uko upande wake wapi, barabarani mkiwa wawili tu, au hata sebuleni kwenu mbele ya mama yako? Ni mwili wako unaosemwa kwamba utakufa kwa kuguswa na mama mkwe. Basi nenda wewe, ukainame umguse miguu kwa heshima, umwambie kwa kinywa chako kwamba huogopi baraka zake. Na ukimaliza, rudi nyumbani ukamwambie mama yako maneno hayohayo. Ukishindwa na hilo, Ketaki, siku kumi na tisa zinatosha kabisa kufikiri upya juu ya bwana harusi.

Baba mkubwa si adui. Ni mzee anayetaka thawabu. Mwambie kwa heshima kwamba binti haazimwi kwa ajili ya thawabu, kisha mpe kazi ya heshima: awapokee wageni mlangoni, awarushie maharusi mchele wa kwanza wa baraka. Mama mkubwa mwache na ungo wake.

Ukimuuliza mama akasema ndiyo, hata kwa kutikisa kichwa tu, asimame nawe mbele ya watu wote. Kuhani akikataa, tafuta mwingine. Huko Pune unakosoma wapo hata makuhani wanawake wanaosoma mantra, yale maneno matakatifu ya ndoa, na wana simu.

Na akisema hapana? Basi ni hapana, na usimvute mkono tena. Lakini hapana yake haimpi mtu mwingine nafasi yake. Fungua vitabu vyako: sheria yetu ya ndoa inazitaja hatua saba za maharusi mbele ya moto mtakatifu. Haisemi popote kwamba lazima utolewe. Kama mama yako hataki kukutoa, mwambie kuhani sehemu hiyo airuke, mwekee mama yako kiti mahali atakapopachagua mwenyewe, hata kama ni mlango wa jikoni, kisha uendee moto huo mtakatifu kwa miguu yako, bila kutolewa na mtu yeyote.