Baba Neema, Nimevunja Ngazi Zako

Mume wangu Baba Neema,

Hali yako siulizi, maana huko uliko hakuna anayeumwa. Nakuandikia ili habari hii uipate kwangu kabla hujaipata kwa mdogo wako, ambaye unajua hawezi kukaa na neno mdomoni. Nimevunja ngazi zako. Zote saba. Nimezivunja kwa nyundo, mchana kweupe, majirani wakiangalia.

Usinune kwanza. Nisikilize.

Unakumbuka tulivyokuwa tunaijenga hii nyumba ya wageni hapa Kikwe? Mimi nilisema ngazi mbili zinatosha kutukinga na maji yanayoshuka toka mlimani. Wewe ukasema saba. "Mtu akija kwangu apande, ajue amefika!" Nikakuambia mbili ni za maji, tano ni za majivuno. Ukacheka, ukaendelea kuchanganya zege. Ukazipaka rangi nyekundu, na kila Jumamosi ulikuwa unazisugua mwenyewe kwa polishi, mpaka mgeni mwenye viatu vya soli laini alikuwa anapanda huku anaomba Mungu. Nami nilizipenda, nisiseme uongo. Watu walikuwa wakielekezana kwetu kwa hizo ngazi.

Na yule mwalimu aliyekuja na kiti cha magurudumu, unamkumbuka? Gari lilimshusha pale chini, akazitazama ngazi, kisha akatutazama sisi. Ukamchangamkia, "Usijali dada, vijana wapo, tutakubeba!" Akajibu kwa upole kabisa, "Nimekuja kulala, sikuja kubebwa." Akarudi garini. Ulinung'unika wiki nzima, mgeni gani huyo anakataa msaada, na mimi nikakuunga mkono, nikasema anaringa. Kwetu sisi kumbeba mtu ndiyo heshima yenyewe. Anayebebwa hatukuwahi kumuuliza.

Halafu kiharusi kikaja, kikachukua upande wako wa kulia, na wa kubebwa ukawa wewe. Kila Jumapili majirani wawili walikushusha twende kanisani, wakakupandisha tukirudi. Walifanya kwa moyo mweupe, Mungu awabariki. Mpaka siku ile suruali iliposhuka katikati ya ngazi, na uani wamejaa wageni wa harusi. Nilikimbia na kanga lakini nilichelewa. Tangu siku hiyo hukutoka tena nje. Miezi minane ulikaa kwenye chumba cha nyuma, unatazama tangi la maji na migomba, na Mlima Meru uko upande wa pili wa nyumba, pale kibarazani, hatua chache tu kutoka kitandani kwako. Hata kibarazani ulikataa kupelekwa. Ulisema pale watu watakuona, halafu watajitolea kukushusha.

Nilikuambia, "Tuvunje, Baba Neema, tuweke mteremko." Ukapandisha sauti yote uliyobakiwa nayo: "Ngazi zangu zitavunjwa nikiwa kaburini!" Nikatii. Siku ya kukuzika, watu walisimama mmoja mmoja wakanisifu: mke mtiifu, hakuwahi kubishana na mumewe. Mimi niliyebishana na wewe kila siku ya Mungu! Niliinamisha kichwa, wakadhani ni majonzi. Ilikuwa aibu. Jambo moja lililostahili ugomvi, ndilo nililokuachia.

Na hata ulipoondoka sikuzigusa. Niliona nikizivunja ni kama nilikuwa nangoja ufe ili nishinde ule ubishi. Nimelala na hilo wazo miaka miwili, na halilaliki.

Mwezi uliopita ikaja simu. Mama mmoja kutoka Moshi, wanakuja harusini, wanataka vyumba vitatu. Akaniuliza, "Baba yangu anatumia kiti cha magurudumu. Ataweza kuingia mwenyewe?" Mdomo wangu ukaanza wenyewe, "Usijali, vijana wa..." nikakwama hapo. Niliiona ile suruali. Nikamwambia, "Mpaka mtakapofika, ataweza." Nikakata simu. Nilishatoa ahadi, na ngazi zipo pale zinanitazama.

Nikampigia Fundi Eliakimu, yule wa Sombetini uliyezijenga naye. Akaja asubuhi na nyundo yake na pima maji. Nikamletea futi apime mteremko utakavyokaa. Akaikataa.

"Ya nini, Mama Neema? Vipimo ninavyo."

"Vya lini?"

Akavua kofia, akaanza kujikuna kichwa. Nikajua kuna jambo.

"Vya mzee. Aliniita Jumapili moja, wewe ukiwa kanisani. Nikapima kuanzia mlangoni mpaka kwenye mparachichi, mita kumi na mbili na kona moja, ili mtu ajisukume mwenyewe bila kuchoka. Akasema tungoje mvua ziishe. Akasema, 'Na usimwambie mama, atanicheka.'"

Mvua hazikuisha, uliondoka nazo. Na Eliakimu akaona si adabu kumletea mjane siri ya marehemu. Nilikaa pale pale kwenye ngazi ya kwanza, nikalia mpaka kamasi. Kisha nikamgombeza Eliakimu, nikamwita bubu, nikamwita mchawi. Masikini akasimama tu kashika nyundo. Kisha nikamwambia, "Haya, piga."

Mdogo wako alifika ngazi ya tatu ikianguka. "Shemeji, unabomoa jina la kaka?" Nikamwambia kaka yake mwenyewe ndiye aliyeagiza, amuulize fundi. Akamuuliza. Akasimama kimya, jambo ambalo hujawahi kuliona maishani mwako, kisha akakunja suruali akaanza kubeba kifusi.

Mteremko ukakamilika kwa vipimo vyako, na yule mzee wa Moshi alifika Jumamosi. Binti yake alishika mikono nyuma asimsukume, nilimwona anavyojizuia. Kwenye kona mzee alipumzika kidogo, akafuta jasho, akaendelea. Alipofika mlangoni akapiga hodi. Nikamwitikia karibu, tukapeana mikono pale pale kizingitini, na sura yake ilikuwa ya mgeni wa kawaida, amechoka na safari, anataka maji ya kuoga. Baadaye nilisikia komeo la bafuni linafungwa kwa ndani. Baba Neema, sijawahi kufurahia mlio wa komeo namna ile.

Makosa bado yapo. Mlango wa bafu unafungukia ndani, na mzee alihangaika kugeuza kiti. Hakuficha, aliniambia wazi kabla ya kunywa chai, na Eliakimu anakuja Jumatatu kuugeuza. Kioo nacho nimekishusha. Kwa hiyo sasa mimi ndiye ninayeinama, lakini najiona vizuri.

Nimepumua, mume wangu. Kifua kimeshuka. Nilidhani nimekushinda ukiwa umelala, kumbe tulikuwa upande mmoja, ila wewe na kiburi chako mkakubaliana mnifiche. Sikulaumu kwa ngazi. Zilikuwa nzuri, na tulikuwa hatujui. Wala sijilaumu tena kwa kukutii, hilo nililiacha siku ile pale penye kifusi.

Lala salama. Lakini lipo moja tutakuja kulimaliza tukionana. Miezi minane mle ndani, kwa sababu uliogopa kicheko changu! Ningekucheka, ndiyo. Ningekucheka mpaka machozi, huku nakusukuma kwenda nje.

Mkeo wa ubishi,
Mama Neema